Korongo-nyangumi wa Mabamba na korongo-nyangumi wa kizimbani Entebbe: nilivyowapiga picha na jinsi ya kuzieleza picha hizo

Mafunjo (mwanzisha uzi), Mwanza

Salamu kwenu wanajamvi. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikipiga picha za ndege wa kandokando ya Ziwa Victoria, hasa furukombe, mdiria na yangeyange wanaoshinda kwenye mialo ya wavuvi. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Uganda kwa ajili ya ndege mmoja tu, yule ambaye kwa Kiswahili huitwa korongo-nyangumi na ambaye Waganda humwita bulwe. Nilimpiga picha asubuhi mbili zilizofuatana: ya kwanza nikiwa ndani ya mtumbwi kwenye kinamasi cha Mabamba, na ya pili nikiwa kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, ambako ndege wa aina hiyo hutunzwa. Nimeona nieleze hapa kwa kirefu kazi hizo mbili zinavyotofautiana, kwa sababu katika jukwaa hili picha za porini na za kizimbani huwekwa pamoja bila neno la kuzitenganisha, na jambo hilo limenisumbua kwa muda mrefu.

Nianze na ndege mwenyewe, maana umbo lake na tabia yake ndivyo vinavyoamua namna ya kushika kamera. Ni ndege wa rangi ya kijivu, mwenye kimo cha kati ya mita 1.1 na 1.4, na mdomo mpana mfano wa kiatu cha mti wenye ncha iliyopinda kama ndoana. Ingawa jina lake linamwita korongo, wataalamu siku hizi wanamhesabu kuwa karibu zaidi na mwari na fundichuma. Idadi yake inakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000, kuanzia vinamasi vya Sudan Kusini hadi Zambia. Chakula anachokipenda ni kamongo, samaki anayelazimika kupanda juu ya maji kuvuta pumzi, na kwa sababu hiyo ndege huyu husimama mahali pamoja kwa muda mrefu sana, ameinamisha mdomo, akisubiri kamongo ajitokeze. Wakati ukifika hatupi shingo peke yake kama kongoti anavyofanya. Huuangusha mwili mzima mbele, mabawa yakifunguka, akachota samaki pamoja na matope na majani, kisha akaanza kuyachuja taratibu kwa mdomo.

Ghuba ya Mabamba iko upande wa magharibi wa rasi ya Entebbe, na tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya maeneo oevu yanayolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Watu wa huko wanasimulia kwamba zamani wavuvi walimwua ndege huyu kwa kuamini kwamba anayekutana naye asubuhi hapati samaki siku hiyo. Leo baadhi ya wavuvi wanaishi kwa kuwapeleka wageni kumwona. Tuliingia majini saa moja asubuhi, watatu katika mtumbwi mmoja, na tukaenda kwa kafi na upondo katika mifereji myembamba iliyokatwa katikati ya mafunjo. Tulimtafuta kwa saa mbili na zaidi. Nilimwona hatimaye akiwa umbali wa mita thelathini hivi, nusu ya mwili wake imefichwa na majani, na jua limekwisha kupanda.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mazoezi yangu ya mwaloni hayakunitosha. Mtumbwi hauachi kutikisika hata kama kila mtu ameshikilia pumzi, kwa hiyo sikuthubutu kushuka chini ya sekunde 1/1000, nikaishia 1/1600 kwa aiso (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, lenzi ikiwa kwenye milimita 600. Tripodi haina faida majini, kwa sababu inaubeba mtikisiko wa mtumbwi moja kwa moja hadi kwenye kamera. Kilichonisaidia ni mfuko mdogo uliojazwa mchele, nilioulaza kwenye ukingo wa mtumbwi na kuiegemeza lenzi juu yake, huku nimekaa sakafuni ili jicho langu lishuke karibu na usawa wa maji. Picha ya ndege iliyopigwa kutoka juu humfanya aonekane mdogo, ilhali iliyopigwa kutoka usawa wake humwonyesha kama wanavyomwona ndege wengine, na mgongoni kwake hubaki mafunjo ya mbali yaliyofifia badala ya tope.

Nilisubiri dakika hamsini. Aligeuza kichwa mara nne. Alipoanguka juu ya windo nilikuwa nimeondoa kidole kwenye kitufe ili nifute jasho, na picha nilizopata zinaanza pale alipokwisha kuinuka, matope yakimtiririka mdomoni. Sikupata picha ya pigo lenyewe, lakini nilijua sasa ni lipi hutangulia: dakika moja kabla ya hapo alikuwa ameisogeza miguu yake, mguu mmoja kwanza na baadaye wa pili, jambo ambalo hakulifanya kabla ya hapo.

Siku iliyofuata kule Entebbe nilikuwa mita chache tu kutoka kwa ndege wa aina ileile. Niliona kope la tatu, lile jeupe linalopita juu ya jicho kama pazia, nikahesabu mikunjo ya ngozi kwenye kona ya mdomo, nikamsikia akigonganisha mdomo wake kwa sauti kama ya mbao zinazopigwa haraka haraka huku akitikisa kichwa na kuinama. Mwanga ulikuwa mzuri na ardhi haikutikisika. Kwa ubora wa kiufundi, picha zangu kumi bora za safari yote zilitoka hapo.

Maoni yangu ni haya: picha zote mbili zina thamani, lakini maelezo yanayoandikwa chini ya picha ni sehemu ya picha hiyo. Mtu anayeweka hapa picha ya kizimbani bila kusema ni ya kizimbani amewaficha watazamaji jambo ambalo wangelihitaji ili kuielewa.

Lenzi400, Nairobi

Kaka Mafunjo, nashukuru kwa andiko hili. Mimi ni mwanafunzi, na kamera yangu ni ya zamani yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Safari ya kwenda kinamasini bado siiwezi kwa gharama, lakini viingilio vya mahali wanapotunzwa ndege ninaviweza, na nimejaribu mara tatu. Tatizo langu ni wavu. Kila picha inatoka na mistari ya kijivu juu ya ndege, au na ukungu mweupe unaofuta rangi, na mara nyingine kamera inaukamata wavu wenyewe na kumwacha ndege akiwa amefifia. Je, kuna njia ya kulishinda jambo hili bila kununua vifaa vingine?

Mafunjo

Ndugu yangu wa Nairobi, njia ipo na haihitaji fedha, ila inahitaji uchague ndege kwa subira, kwa kuwa si kila ndege aliye kizimbani anaweza kupigwa picha kwa wakati uliopo.

Wavu hutoweka kwenye picha pale unapokuwa karibu sana na lenzi na mbali na ndege. Kwa hiyo isogeze lenzi hadi ikaribie kabisa kuugusa wavu, kama watunzaji wanaruhusu, kisha fungua tundu la lenzi hadi mwisho, f/5.6 au namba ndogo kuliko hiyo kama lenzi yako inayo, na uvute hadi milimita 300. Ndege awe angalau mita mbili au tatu nyuma ya wavu. Akiwa ameushikilia kwa kucha zake, hakuna hila itakayokusaidia, msubiri aondoke. Zile nyaya zitatawanyika katika picha hadi zisionekane.

Ule ukungu mweupe unaousema una sababu nyingine: ni jua linaloipiga sehemu ya wavu iliyo mbele ya lenzi yako. Waya wenye kung'aa hutupa mwanga ndani ya lenzi hata kama wenyewe hauonekani. Tafuta upande wa kizimba ulio kivulini, na kama haupo, tengeneza kivuli kwa kofia, kwa mwavuli mweusi au kwa mwili wa rafiki yako. Nilipokuwa mbele ya kizimba cha kasuku nilisogea hatua mbili tu kutoka juani hadi chini ya kivuli cha mti, na rangi nyekundu ya mkia wa kasuku wa kijivu ikarudi yote. Wavu uliopakwa rangi nyeusi hausumbui kama ule wa mabati mapya.

Kuhusu kamera kuukamata wavu, acha kutumia mfumo unaochagua yenyewe mahali pa kulenga. Chagua nukta moja tu ya katikati, iweke kwenye jicho la ndege kupitia tundu mojawapo la wavu, na ikiendelea kukosea, zungusha lenzi kwa mkono. Baadhi ya lenzi zina swichi inayoikataza kutafuta vitu vya karibu. Itumie kama yako inayo. Kisha utazame na wavu wa nyuma, ambao watu wengi huusahau: ndege akiegemea karibu na ukuta wa nyuma wa kizimba utapata safu ya vipembe nyuma ya kichwa chake, lakini akiwa katikati, na nyuma yake kuna majani yenye giza, hutaviona.

Mahali penye kioo badala ya wavu, igusishe kingo ya lenzi kwenye kioo ili mwanga wa nyuma yako usipenye katikati, vaa nguo nyeusi, na usiwashe flashi. Simu ina faida moja ambayo kamera haina: lenzi yake ni ndogo kiasi cha kupita katika tundu la wavu. Waulize watunzaji kwanza, na usijaribu hivyo kwa kasuku, maana mdomo wake unaweza kuvunja kioo cha simu na kukuumiza kidole.

Na zaidi ya yote, ongea na watunzaji. Wanajua saa ya chakula, wanajua kitawi ambacho kila ndege hupenda kutua, na wanajua ni ndege yupi ana wasiwasi anapotazamwa kwa karibu. Mimi nilielezwa mahali ambapo ndege wangu angeota jua, nikaenda kusubiri hapo.

Mama Kware, Tanga

Mwanangu Mafunjo, nimekusoma kwa makini, nami nitasema ninavyoona bila kukuvunjia heshima. Mimi nimepiga picha za ndege katika misitu ya Usambara tangu enzi za filamu, wakati mtu alipokuwa na picha 36 tu kwa siku na hakuthubutu kubonyeza mpaka awe na hakika. Picha ya ndege aliyefungiwa sioni kwa nini iwekwe katika jukwaa la wapenzi wa ndege wa porini, hata ikiandikwa maelezo. Ninaona hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kijana akizoea kupata picha nzuri kwa dakika kumi, hatakuwa na moyo wa kukaa saa tano chini ya mkuyu akimsubiri ndege ambaye huenda asije. Ya pili, ambayo ndiyo nzito kwangu, ni kwamba picha nzuri ya kasuku kwa karibu huamsha tamaa ya kumfuga. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini ilipigwa marufuku kuanzia Januari 2017, baada ya ndege hao kupungua sana katika misitu ya Afrika, na bado wapo wanaowatafuta. Hatupaswi kuwa watu wa kuwatangaza.

Mafunjo

Shikamoo Mama. Hoja yako ya pili naikubali kabisa, na imenifanya niondoe picha mbili za kasuku nilizokuwa nimeziandaa kwa uzi huu. Picha ya uso wa ndege peke yake, bila mahali, bila habari ya jinsi alivyofika hapo, inamfanya aonekane kama kitu cha kununuliwa. Kama nitaiweka siku moja, nitaiweka pamoja na habari ya biashara iliyomtoa msituni.

Hoja ya kwanza naomba tuijadili. Nikiwa Entebbe nilijifunza dalili za ndege huyu kwa namna ambayo kinamasi kisingenifundisha kwa mwaka mzima: anavyoinama anaposalimiana, jicho lake linavyofunikwa kabla ya kugonganisha mdomo, manyoya ya kisogo yanavyosimama anapoona kitu kigeni. Kama ningeanza na Entebbe na kumalizia na Mabamba, nadhani kidole changu kingekuwa mahali pake pigo lilipotokea. Kwa hiyo simtumi kijana kizimbani ili abaki huko. Namtuma akajifunze macho yake, ili akifika majini asimsumbue ndege wa porini kwa majaribio. Pia wapo ndege walioko vizimbani kwa sababu hawawezi kurudi: waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara, waliokatwa mabawa, waliovunjika. Kule Kigali nchini Rwanda kuna kijiji cha Umusambi, ambako korongo-taji waliokuwa wakifugwa mahotelini na majumbani, na ambao hawawezi tena kuruka, wanaishi katika eneo oevu lililotengenezwa upya kwa ajili yao. Picha ya korongo-taji mwenye bawa lisilofunguka ni ushahidi, nami ningependa kuiona hapa.

Ninachokataa ni kuficha, na mfano wake unajulikana. Mwaka 2010 waandaaji wa shindano la Wildlife Photographer of the Year la Uingereza waliifuta picha ya mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) akiruka lango, iliyokuwa imeshinda tuzo kuu ya 2009, baada ya kuamua kwamba huenda mnyama yule alikuwa mfugo aliyezoeshwa. Mpigapicha alikanusha. Picha yenyewe haikubadilika hata kidogo kati ya siku ya tuzo na siku ya kufutwa. Kilichobadilika ni habari iliyoizunguka, na hiyo ilitosha.

Kasia, Kigoma

Wakubwa kwa wadogo, nami naomba kuchangia, nikiwa mtu wa kuendesha mtumbwi na si wa kamera. Huku kwetu tuna eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi, lililokuwa la kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000, na ndege huyu yumo humo pia. Nimewapeleka wapigapicha, na yapo mambo ambayo mtu aliyetazama kwenye lenzi hayaoni.

Ndege huyu hakimbii mara moja. Kwanza hunyoosha shingo. Kisha huacha kutazama maji na kuanza kukutazama wewe, na hapo ndipo mpigapicha hufurahi, kwa sababu macho mawili yamemwelekea, asijue kwamba uwindaji wa asubuhi hiyo umekatizwa. Nikiona hivyo mimi huuchomeka upondo na kusimama, hata mteja akilalamika. Akirudi kutazama maji tunaweza kusogea tena kidogo, kwa mshazari, kamwe si kwa kumwelekea moja kwa moja. Mitumbwi isizidi miwili kwa ndege mmoja, na isimzunguke, ili abaki na upande wa kutokea. Injini izimwe mbali, kwa kuwa mawimbi yake huyavuruga maji aliyokuwa akiyatazama.

Kiota ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, na mara nyingi kinda mmoja tu ndiye anayekua. Mzazi akiondoka kwa sababu yetu, jua huwachoma makinda. Mzazi mwenyewe huwabebea maji mdomoni na kuwamwagia ili wapoe. Mimi simpeleki mtu kwenye kiota kwa bei yoyote, nami nawaomba mnaosoma msimshawishi mwendesha mtumbwi kwa fedha ya ziada, maana wengi wetu tuna njaa na ni vigumu kukataa.

Lenzi400

Asante sana, Mzee Kasia. Sikujua habari ya kuwamwagia makinda maji. Kaka Mafunjo, nina swali la mwisho. Yangeyange wangu hutoka weupe mtupu, bila unyoya hata mmoja kuonekana, na kunguru hutoka kama doa jeusi. Je, kwa korongo-nyangumi ulibadilisha nini? Na hayo maelezo unayotaka tuandike, yawe na nini?

Mafunjo

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kinachoonekana kina wastani wa kijivu. Korongo-nyangumi ana rangi inayokaribia wastani huo, kwa hiyo sikubadilisha kitu. Yangeyange anayesimama mbele ya mafunjo yenye giza huidanganya kamera ikaongeza mwanga, nawe unapaswa kupunguza hatua moja (yaani nusu ya mwanga), wakati mwingine moja na nusu, mpaka uone mistari ya manyoya kifuani. Kwa kunguru mbele ya anga, ongeza hatua moja. Unyoya uliokwisha kuungua kwa mwanga haurudishwi na programu yoyote, ndiyo maana afadhali kukosea upande wa giza. Upige kabla ya saa tatu asubuhi: baada ya hapo joto linalopanda juu ya maji huitetemesha hewa yenyewe, na picha za mbali hulegea hata kama umefanya kila kitu sawasawa.

Kuhusu maelezo, mimi huandika jina la ndege, mwezi na mwaka, na kama alikuwa huru au anatunzwa. Kwa anayetunzwa nataja kituo, na siondoi kwenye picha pete ya mguuni, chombo cha chakula wala manyoya ya bawa yaliyokatwa. Kwa aliye huru nataja eneo kwa upana tu. Neno Mabamba linatosha; mfereji alikokuwa sitauandika, na kabla ya kuipandisha picha huiondoa alama ya mahali ambayo simu na kamera nyingi huihifadhi ndani ya faili, kwa kuwa wanaotafuta makinda ya kuuza nao wanajua kuisoma. Baada ya ushauri wa Mzee Kasia nimeongeza kitu kimoja, yaani umbali wetu na ndege alivyokuwa akifanya. Picha yangu ya kwanza ya Mabamba sasa inasomeka hivi: «Korongo-nyangumi, huru, Mabamba. Takriban mita 30 kutoka mtumbwini. Ametoka kuchota chakula, hakututazama.» Ile ya pili, ambayo niliipenda kuliko zote kwa sababu macho yake yananielekea, nimeiandikia: «Ameacha kuwinda kwa sababu yetu. Tulirudi nyuma.»